Nusu ya Chombo ni Mkono: Kulisoma Umbo la Endingidi kutoka Lubumbashi

Chukua gitaa, uguse uzi mmoja tu kwa kidole, kisha uachie na usifanye lolote. Sauti hutoka imejaa, huanza kupungua papo hapo, na muda si muda imezama ndani ya mbao. Huna la kuifanyia tena. Kidole kimeshaondoka, na uzi unatumia akiba uliyopewa mara moja. Wapiga gitaa wa Katanga, tangu wale wa kambi za kampuni ya madini ya Union Minière hadi vijana wanaokaa leo vibarazani katika mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, wote wameishi na jambo hilo: sauti ya uzi uliodonolewa ikizaliwa tu huanza kufa.

Mwaka 1952, huko Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja wa Bayeke wa Bunkeya aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo ulikuwa "Masanga". Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930, alidonoa nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Ukiusikiliza kwa makini utaona kwamba hakuna mahali ambapo sauti moja inaachwa peke yake hadi iishe. Ile ya gumba haijafifia, na ya shahada imeshaingia. Hiyo nayo haijatua, gumba limerudi na nyingine. Kila sauti ni fupi, lakini zinapokezana kama watu wanaopitishiana matofali, na ukuta unapanda bila pengo. Hilo ndilo jibu la Katanga kwa kifo cha sauti: kama kila moja ni fupi, basi ziwe nyingi na zisiachane mikono.

Kuna jibu lingine, nalo lilitungwa kaskazini mashariki yetu, katika Buganda. Jina lake ni endingidi. Ni chombo cha uzi mmoja kinachosuguliwa kwa upinde, na ndugu zake wametapakaa katika Afrika Mashariki: orutu ya Wajaluo, siiriri ya Waluhya, iningiri ya Rwanda, na zeze la Wagogo ambalo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha katika majukwaa ya dunia. Utaikuta katika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, na utawakuta jamaa zake katika makabati ya Ulaya. Nataka kulisoma umbo lake kama mhakiki anavyolisoma shairi, mstari kwa mstari, nikiuliza kila kiungo kimewekwa hapo kufanya kazi gani. Nina sababu ya kufanya hivyo nikiwa Lubumbashi, mji ambao muziki wake wa nyuzi ulikulia katika kudonoa. Mtu aliyezoea kudonoa huuona upinde kwa macho ambayo mwenye upinde hana tena.

Endingidi iliyo mbele yangu ilitoka kwa fundi mmoja wa Kampala, na imepakatwa na watu kadhaa kabla yangu. Shingo yake imelainika pale vidole vinapokaa. Tuanze na mwili. Ni kipande cha gogo kilichotobolewa kikawa bomba fupi, mfano wa kinu kidogo kilichokatwa kitako. Mdomo mmoja wa bomba umewambwa ngozi ya kenge, na magamba yake madogo yanaonekana bado, yamepangana kama shanga. Mdomo wa pili umeachwa wazi. Fimbo ndefu, nyembamba, inaingia ubavu mmoja wa bomba na kutokea ubavu wa pili. Kipande kifupi kimebaki nje upande wa chini, na kirefu kinapanda juu kikawa shingo. Kileleni kuna kigingi. Kutoka kwenye kigingi unashuka uzi mmoja wa mkonge uliosokotwa, unapita juu ya kijiti kilichosimama katikati ya ngozi, na unafungwa chini kwenye kile kipande kifupi. Basi. Hakuna pambo, hakuna nakshi, hakuna kiungo ambacho ungekiondoa na chombo kikabaki.

Ngozi ya kenge si bahati nasibu. Uzi wenyewe hauna sauti ya maana. Ni mwembamba mno kuweza kuusukuma upepo wa chumba. Kazi yake ni kukitikisa kile kijiti, na kijiti ndicho kinachoipiga ngozi kwa miguu yake. Kwa hiyo ngozi inatakiwa iwe nyepesi, ikubali kutikiswa na nguvu ndogo. Ngozi nene ya ng'ombe ingenyamaza. Wachina, katika erhu yao, ambayo nayo ni bomba lililopenywa na fimbo, walikwenda kwa mnyama wa jamii hiyohiyo ya kutambaa wakawamba ngozi ya chatu. Mafundi wa pande mbili za Bahari ya Hindi na zaidi walipewa swali moja, wakalijibu karibu kwa neno moja.

Sasa shingo, na hapa ndipo usomaji unapoanza kuwa mtamu. Kwa macho ya mpiga gitaa, shingo hii ina kasoro: haina ubao wa kubania uzi, wala vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa na kukuambia hapa ni sauti hii na hapa ni ile. Zaidi ya hapo, uzi uko mbali na fimbo. Unaelea hewani. Ukitaka kuubana hadi uguse mti, utaukata au utaukunja. Mpigaji hushika shingo kati ya gumba na kiganja, kisha hugusa uzi kwa nyama ya vidole, kutoka pembeni, bila kuubana na kitu chochote. Anaugusa tu, kama unavyogusa bega la mtu umwite.

Linganisha na nzenze ya Waluba. Hiyo ni chombo cha kwetu Katanga, na wazee wa vijijini kaskazini mwa jimbo la zamani wanaijua. Ni ubao mwembamba uliosimamishwa kwa ubavu wake, umefungiwa kibuyu kilichokatwa ambacho mdomo wake huelekezwa kifuani mwa mpigaji. Kwenye ncha moja ya ubao fundi amechonga vitako vichache vilivyoinuka, na kidole kikibana uzi juu ya kitako, sauti inapatikana ileile kila mara. Nyuzi hudonolewa. Jina lake limesafiri mbali. Pwani jina zeze limepewa chombo cha ubao na kibuyu kama hiki, na pia kile cha upinde. Bakonjo wanasema enzenze. Madagascar wana jejy. Maumbo tofauti yamekaa ndani ya jina moja kama ndugu waliolelewa nyumba moja, na tofauti kati yao imejificha kwenye shingo. Nzenze ina ngazi. Endingidi ina mteremko. Kwenye ngazi mguu unatua pale fundi alipokukusudia utue. Kwenye mteremko unaweza kusimama popote, na unaweza pia kuteleza.

Kuteleza huko ndiko kunakoeleza kwa nini umbo hili lilipendwa Buganda. Luganda ni lugha ya toni: silabi hupanda na kushuka, na ukiibadilisha toni unaweza kubadilisha maana. Nyimbo za Kiganda huheshimu jambo hilo, na muziki wa vyombo vya Buganda kwa sehemu kubwa umetokana na nyimbo, hata msikilizaji anayejua maneno huyasikia ndani ya chombo bila mtu kuyatamka. Chombo cha ngazi kinaweza kuonyesha kwamba silabi imepanda. Chombo cha mteremko kinaweza kuonyesha jinsi ilivyopanda, kwa haraka au kwa kuvuta, na kilichotokea njiani. Sisi tunaoandika Kiswahili tunasahau jambo hili, kwa kuwa Kiswahili hakina toni za namna hiyo, lakini Kiluba kinazo, na Kibemba kinazo, na watu wengi wa Lubumbashi hubeba lugha mojawapo ya hizo chini ya Kiswahili chao cha mjini.

Nililiona hilo jioni moja nilipokuwa nikijaribu endingidi nje ya mlango. Sikuwa ninapiga wimbo wowote. Nilikuwa ninatafuta tu mahali vidole vinapokaa. Mama mmoja jirani, mzaliwa wa Kamina, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua, alinyamazisha mikono yake akasikiliza. Kisha akasema: "Papa, hii kintu inalia sawa muntu." Hakusema inalia vizuri, wala inalia vibaya. Alisema inalia kama mtu. Nikampigia gitaa kidogo kwa kulinganisha. Alirudia sombe yake. Gitaa kwake lilikuwa muziki. Lile la kwanza lilikuwa mtu aliyekuwa anaongea uani, na mtu akiongea uani unatega sikio kujua anasema nini.

Kuna jambo lingine la shingo ambalo jicho hulipita. Muziki wa Kiganda una ngazi ya sauti tano ndani ya oktavu, na nafasi kati ya sauti na sauti zinakaribiana kwa ukubwa. Weka mkono kwenye shingo ya endingidi: uzi mtupu ni sauti moja, na vidole vinne ni nyingine nne. Jumla tano. Mkono wa mwanadamu, pasipo kuhama, unatosha ngazi nzima. Chombo hakikuhitaji vipimo vilivyochongwa kwenye mti kwa sababu kipimo kinakuja kimeshafungwa begani mwa mpigaji. Tayari hapo, kabla hatujafika kwenye upinde, umbo hili limeshatuambia kwamba sehemu yake moja haikuchongwa na fundi.

Tufike sasa kwenye upinde wenyewe, na kwanza tuisikilize lugha yetu. Kiswahili hupiga kila kitu. Tunapiga ngoma, ni sawa, ngoma hupigwa kweli. Lakini pia tunapiga gitaa, tunapiga filimbi, tunapiga kinanda, tunapiga hata picha na simu. Kitenzi hicho kimekuwa kipana hadi kimeficha vitendo vilivyo chini yake. Ukimwangalia mwenye endingidi, hapigi. Anasugua, anavuta na kurudisha. Na tofauti kati ya kupiga na kusugua ndiyo tofauti kati ya kifo cha sauti na uhai wake.

Upinde wa endingidi ni kijiti kilichokunjwa sana, karibu nusu duara, kimefungwa nyuzi za mkonge kutoka ncha hadi ncha. Ni mfupi, ukiuweka juu ya mkono haufiki mbali na kiwiko. Nyuzi hizo zikiwa tupu huteleza juu ya uzi wa chombo pasipo kutoa kitu, kwa hiyo hupakwa utomvu mkavu wa mti, unaoacha unga mweupe. Unga huo ndio siri. Upinde ukivutwa, utomvu huunata uzi na kuuvuta pembeni. Uzi ukifika mwisho wa subira yake huchomoka na kurudi. Mara utomvu umeunata tena. Kunata na kuchomoka, mara mia kadhaa kwa sekunde moja, mfululizo, kwa muda wote ambao mkono unatembea. Sikio halisikii matukio hayo mamia. Linasikia sauti moja iliyosimama. Uzi uliodonolewa hupewa akiba mara moja ukaachwa ujitegemee. Uzi uliosuguliwa hulishwa bila kukoma, kama mtoto anayenyonya.

Ningeweza kuishia hapo na kusema: Katanga waliijibu hoja kwa wingi wa sauti fupi, Buganda wakaijibu kwa sauti moja ndefu. Lingekuwa hitimisho safi, na lingekuwa la uongo, kwa sababu umbo lenyewe linalikataa. Uangalie tena upinde ulivyo mfupi. Fidla ya Ulaya, ile tunayoijua pia katika taarabu ya pwani, imepewa upinde mrefu ulionyooka, ili mkono mmoja ubebe sauti ndefu kutoka mwanzo wa pumzi hadi mwisho wake. Aliyeunda upinde wa endingidi hakutaka hivyo. Upinde mfupi huisha mapema. Mkono lazima ugeuke, na tena, na tena. Na kila mkono unapogeuka, uzi hukatika pumzi kidogo mno, na sikio husikia kipigo. Kumbe kipo kipigo! Kimerudi kwa mlango wa nyuma. Mpigaji hodari wa endingidi hucheza kwa migeuko hiyo kama mpiga ngoma, haraka haraka, na sauti isiyokatika inakuwa sakafu ambayo juu yake mkono unacheza.

Kwa hiyo chombo hiki kina uwezo wa kuimba bila kikomo, nacho kimechagua, kwa urefu wa kijiti tu, kutouishi uwezo huo wote. Kimechukua uhai mrefu wa sauti kikaukatakata kwa mdundo. Mwenda naye alichukua sauti zilizokatika akazishona zikawa moja. Mmoja anatoka kwenye wingi kwenda kwenye umoja, mwingine anatoka kwenye umoja kwenda kwenye wingi, na wanakutana njiani, mahali ambapo mguu wa msikilizaji unaanza kugonga sakafu. Nikiisikiliza "Masanga" baada ya kuisoma endingidi, nalisikia gumba la Mwenda upya: lile gumba linafanya kazi ya upinde. Linahakikisha uzi haukai na njaa.

Umbo hili lina umri gani? Vyombo vya namna hii vikiwekwa kabatini, mgeni hudhani vinatoka zama zisizo na tarehe. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, aliandika maelezo yanayoiweka endingidi mwanzoni mwa karne ya 20, karibu mwaka 1907. Isimamishe tarehe hiyo karibu na nyingine. Wachsmann mwenyewe alizaliwa Berlin mwaka huohuo wa 1907. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na Lubumbashi, kwa jina la Élisabethville, ilianzishwa mwaka 1910. Kwa maelezo hayo, endingidi ni rika la mtunzaji wake, rika la nyumba inayoihifadhi, na rika la mji wangu. Imeutangulia mji huu kwa miaka mitatu. Hakuna anayeiita Lubumbashi kitu cha kale. Tunaiita mji wa mitambo, wa bomba la moshi la kampuni ya shaba ya Gécamines na mlima wake mweusi wa mabaki ya shaba. Basi kwa nini rika lake livalishwe mvi?

Umbo lenyewe linadokeza kwamba ni tunda la wakati wa mwendo. Bomba lililopenywa na fimbo lina jamaa wengi upande wa Asia, na njia za biashara za pwani zilikuwa zimeshafika Buganda tangu mwaka 1844, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda. Yeyote aliyeichonga endingidi ya kwanza aliishi katika nchi iliyokuwa imeshaona vitu vingi vigeni. Lakini hakuiga tu. Aliikata shingo ikatosha mkono mmoja na sauti tano za kwao, akaufupisha upinde ukatosha mdundo wa kwao. Chombo kile ni uhakiki pia: kimevisoma vyombo vya wengine, kikachukua kilichohitajika, kikaacha kilichobaki. Ndivyo alivyofanya Mwenda na gitaa la Wazungu.

Nimesema nasoma umbo, na lazima niseme pia jinsi makumbusho yanavyolisoma. Mwaka 1914, wasomi wawili wa Berlin, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walichapisha mpango wa kuvipanga vyombo vyote vya muziki duniani kwa namba. Makumbusho mengi hutumia mpango huo hadi leo. Ndani yake, chombo cha bomba lililopenywa na fimbo hupata namba 321.313. Kila tarakimu inaeleza kitu kuhusu mwili: ni chombo cha nyuzi, kina mwili na shingo, shingo imepenya, mwili ni bomba. Kisha, kama kinasuguliwa kwa upinde, unaongezwa mkia: 321.313-71. Tazama upinde ulipowekwa. Uko baada ya kistari. Mkono na kitendo chake vimekuwa kiambishi tamati, kitu unachoweza kukisahau na namba bado ikasomeka. Kwa mpango huo, mwili ndio chombo, na jinsi ya kukifanya kiishi ni nyongeza. Huko Tervuren, Ubelgiji, Jean-Sébastien Laurenty alitoa mwaka 1960 kitabu kikubwa kuhusu vyombo vya nyuzi vya Kongo na Ruanda-Urundi, akavipanga kwa kufuata maumbo yao. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na sisi Wakongo tunaihitaji. Lakini maumbo yaliyo kwenye picha zake yamelala.

Ndivyo endingidi inavyolala kabatini. Mara nyingi chombo husimamishwa katikati, na upinde huwekwa kando yake, sambamba, pasipo kugusana. Macho ya mgeni husoma sentensi hiyo ya kioo kama ilivyoandikwa: hiki ndicho kitu, na kile ni kifaa chake. Lakini tumeshaona kwamba uzi bila upinde hauna pumzi, na upinde bila uzi ni kijiti kilichokunjwa. Unga wa utomvu, ambao ndio kiungo halisi kati yao, hufutwa kwa sababu unaonekana kuwa uchafu. Ningewaomba watunzaji wauache. Ule mstari mweupe kwenye uzi ni ushahidi wa mahali upinde ulipopita, na mpigaji aliyeuacha hapo aliandika kitu.

Wachsmann aliliona tatizo hili, na hapo ndipo ninapomheshimu. Mwaka 1961 yeye na Anthony Baines ndio walioutafsiri mpango wa Hornbostel na Sachs kwa Kiingereza. Aliujua ule mkia wa 71 kuliko wengi. Hata hivyo, alipokuwa Kampala hakutosheka na namba. Aliwaweka wanamuziki ndani ya makumbusho, wavishike vyombo na kuvitoa sauti mbele ya wageni. Mmojawao alikuwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, aliyevikusanya vyombo vilivyozoea kupigwa kila kimoja kwa nafasi yake akaviweka katika kundi moja, endingidi ikiwemo. Makumbusho yalipohamia jengo lake jipya lililochorwa na Ernst May huko Kitante mwaka 1954, muziki ulihamia nao. Kisha mwaka 1966 jeshi la serikali lilivamia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Vyombo vingi vya ikulu viliangamia. Kilichovuka miaka ile hadi ufalme uliporudi mwaka 1993 hakikuvuka kwa sababu kilikuwa na namba. Kilivuka ndani ya mikono ya watu: wapigaji waliokuwa wakifundisha, wakizeeka, wakifundisha tena.

Nayaandika haya nikiwa karibu na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, mtu wa mambo ya kale, na ambayo kwa miaka mingi yamekuwa nyumba ya kumbukumbu ya Katanga, kuanzia vyombo vya udongo vya makaburi ya kale ya Sanga hadi sanaa za leo. Mji huu umeshaonyesha kwamba unaweza kukifungua kilichofungwa: tangu mwaka 2008 maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Lubumbashi yamewaita wasanii waziangalie upya picha na vitu vya zamani, na waviulize maswali mapya. Neno letu lenyewe linatuelekeza. Makumbusho ni mahali pa kukumbusha. Kitu kilicholala nyuma ya kioo kinamkumbusha mtu kwamba kipo. Kitu kinachosuguliwa kinamkumbusha mtu jinsi kinavyofanywa, na huo ndio ukumbusho unaozaa.

Kwa hiyo, kama ningepewa kuandika kikaratasi cha kabati, kwa chombo cha upinde cha Buganda, nisingeanza na ukubwa kwa sentimita. Ningeandika hivi: chombo hiki kina sehemu tatu. Ya kwanza ni mwili, wa mti na ngozi. Ya pili ni kile kinachousugua uzi, upinde. Ya tatu ni mkono, ambao ndio unaojua sauti zinakaa wapi na upinde unageuka lini. Sehemu mbili ziko hapa ndani.

Kisha, kando ya kabati, ningeomba kiwekwe kiti kimoja cha mbao, cha kawaida, kisicho na mikono ya kuegemea. Anayepiga endingidi anahitaji nafasi ya kiwiko.